Saini Ishirini na Moja

Daktari wa chuo aliandika neno moja, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na chini yake akaomba mwenzangu wa chumbani aahirishiwe mitihani. Mhadhiri aliisoma barua ile, akafungua daftari la mahudhurio, akacheka puani.

"Wiki saba hajakosa kipindi hata kimoja. Ugonjwa gani huu unaowahi darasani?"

Mwenzangu, tunayemwita Kamanda kwa sababu ya gemu zake za vita, alisimama nyuma yangu akitazama viatu vyake. Damu ilinipanda usoni, maana saini zake daftarini nilizitia mimi.

Bwenini kwetu ndivyo tunavyosaidiana: ukilala, mwenzako anakusainia. Nilijifunza mpaka ule mkia wa saini ya Kamanda, nikajiona fundi. Nikirudi chumbani namkuta kajikunja mbele ya kompyuta, pazia limefungwa mchana kweupe, wali wa juzi umekauka kwenye sahani.

"Kamanda, nimekuokoa tena."

Ananyanyua kidole gumba bila kugeuka. Nikamwita mvivu, nikamwita jemadari wa kitandani. Juzi nikachomoa waya, nikakunja ngumi nikingoja anirukie. Hakunirukia. Akabaki anatazama kioo cheusi.

"Mbona hukasiriki?"

"Sina nguvu, kaka."

"Za kucheza unazo."

"Sichezi kwa raha. Hata nikishinda sisikii kitu. Ila nikizima nabaki na kichwa changu, na kichwa changu kinaniambia bora nisiwepo."

Ngumi ilifunguka yenyewe. Nikamtafutia shati safi, nikampeleka zahanati nimemshika mkono kama mtoto.

Sasa tuko hapa ofisini, na mhadhiri anatusukumia barua yetu.

"Mwalimu," nikasema, "hizo saini nimeghushi mimi."

Akavua miwani. "Unajua adhabu yake?"

"Kusimamishwa mwaka mzima."

"Basi meza maneno yako, uende. Huyu akafanye mtihani kama wenzake. Nasikia mnamwita Kamanda wa gemu; michezo ya kompyuta haijamlaza mtu hospitali."

Kamanda akanivuta shati. "Acha, kaka. Nitafanya tu."

"Utaandika nini? Namna ya kujaza risasi?" Nikamgeukia mhadhiri. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Darasa lako lina viti arobaini. Kimoja kimekaa kitupu wiki saba, na hukuinua macho hata siku moja kuuliza mwenyewe yuko wapi. Mimi nimedanganya, niadhibu. Lakini usimwite huyu mzima kwa sababu karatasi imekwambia."

Karani wa meza ya pili aliacha kupiga chapa.

Mhadhiri akaligeuza daftari upande wangu. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha moja baada ya nyingine, zote ishirini na moja. Kila nilipogusa, aliandika kwa wino mwekundu: hakuwepo. Alipomaliza akatia sahihi kwenye barua ya daktari, kisha akachukua karatasi mpya na kuandika jina langu juu yake.

"Kamati ya nidhamu itakuita Jumatatu."

"Nitakuja."

Nje ukumbini Kamanda alianza kulia, mabega yakitikisika. "Umejiharibia kwa ajili yangu."

"Nyamaza. Mimi ndiye niliyekuficha."

Hasira ilikuwa bado imenikaba, na sikuwa tena na wa kumtupia. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni mwake, tukaharakisha kwenda kwa daktari ili Kamanda aanze matibabu kabla zahanati haijafungwa.