Mafuta Yangu, Sifa za Bi Arusi

Wivu, jamani, acheni tu! Mkaanga samaki alikuwa nao mpaka chakula hakipiti kooni. Miaka yote hiyo ndiye anayemwogesha mama mkwe na kumlisha, na hajaitwa "mwanangu" hata kwa bahati mbaya. Shemeji yake kaoa juzijuzi tu, na mke mwenyewe bado anaitwa Bi Arusi. Umeme ulipoanza kukatika kila jioni, huyo Bi Arusi akachukua mafuta yaliyobaki kwenye karai la samaki, yale ya kumwagwa, akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye glasi. Juu akaweka kipande cha kizibo kinachoelea, chenye utambi wa pamba. Kikawaka!

"Mwanangu!" mama mkwe akasema. "Umeniletea macho!"

Mwanangu? Mafuta ya nani? Karai la nani? Mkaanga samaki alijiuliza.

Alasiri iliyofuata alinyemelea chumbani kwa mama mkwe. Mafuta yalikuwa yameshuka hadi katikati ya glasi. Kila mkaangaji anajua kuwa maji na mafuta ya moto havipatani. Akamimina maji. Leo mafuta yatarukaruka na utambi utazimika, alijiambia, tuone atasifiwa nini.

Jioni giza likaingia, Bi Arusi akawasha. Kumbe maji yametulia chini, mafuta yamepanda nayo, na mwali uliokuwa umedidimia sasa uko mdomoni mwa glasi, chumba kizima cheupe.

"Ehee! Leo naona hadi kucha zangu," mama mkwe akacheka. "Umefanyaje?"

"Sijui, mama. Naona kuna maji chini, lakini sikutia mimi."

"Basi aliyetia ana akili, Mungu ambariki."

Baraka hiyo ipotee hivihivi? Thubutu!

"Ni mimi, mama!" Mkaanga samaki akaropoka, meno yote nje.

Mama mkwe akamgeukia taratibu. Karai lile ndilo alilokuwa akikaangia yeye kabla magoti hayajamshinda. Kazi yenyewe ndiye aliyemfundisha mkaanga samaki.

"Wewe, mkaangaji, ulitia maji kwenye mafuta yatakayowashwa kando ya kichwa changu. Ulitaka yafanye nini?"



"Bi Arusi," mama mkwe akasema, "kuanzia kesho utaniogesha wewe."