Orest Juu ya Bwawa

Haya alinieleza Verna mwenyewe, jirani yangu wa ghorofa ya chini, Jumapili iliyopita, tukisubiri nguo zetu zikauke kwenye mashine. Aliyasema polepole, huku akikunja soksi za mumewe.

Theluji ya kwanza ya mwaka huu hapa Winnipeg, Kanada, ilianguka usiku kucha. Asubuhi Verna akamvisha mumewe, Orest, koti, glovu na kofia nyekundu ya sufu, wakaenda bustanini. Kila mwaka humpelekea binti yao Darlene picha za theluji hiyo, maana huko aliko, pwani, ni mvua tu. Tangu akili ya Orest ianze kupotea, Verna hamwachi mkono. Lakini kamera yataka mikono miwili.

"Simama hapa, mzee. Usisogee."

"Nitaenda wapi na viatu hivi?"

Akapiga picha daraja, akapiga benchi lililoumuka kwa theluji kama mkate. Wilf, mzee wa mtaani, akapita na mbwa wake.

"We Verna, miaka sabini hujaizoea theluji? Mpige picha huyu mbwa basi, anaishinda hiyo miti kwa uzuri."

Verna akacheka, akampiga picha mbwa. Alipogeuka, Orest hayupo.

"Orest!"

Theluji ilikuwa bado inaanguka, na njia imejaa nyayo za kila mtu.

"Hajafika mbali, kwa miguu ile," Wilf akasema.

"Humjui akiwa na neno kichwani."

Verna akazirudia picha zake kwenye kamera, moja moja. Nyuma ya sikio la mbwa akaona doa jekundu, kofia ya Orest, linateremka kuelekea bwawa la bustani.

Wakakimbia. Miaka thelathini Orest na wanaume wa mtaa ndio waliokuwa wakiondoa theluji juu ya barafu ya bwawa, watoto wapate kucheza hoki kwa viatu vya kuteleza. Lakini enzi hizo walitoboa barafu na kupima unene wake kwanza. Mwaka huu baridi kali ilikuwa na siku nne tu, barafu bado nyembamba, na katikati ya bwawa mabata bukini walikuwa bado wanaogelea.

Wakamkuta juu ya barafu, hatua ishirini kutoka ukingoni. Alikuwa ameokota koleo la theluji kwenye banda la kando ya bwawa, anasukuma theluji kwa mstari ulionyooka. Barafu ililia chini yake. Wilf akataka kumfuata, Verna akamkamata koti.

"Na tumbo hilo? Mtazama majini wote wawili!"

"Basi mwite!"

"Orest, mpenzi, njoo nyumbani!"

"Nimalize mstari huu!" Akapiga hatua nyingine kuelekea kwa bata.

Verna akakumbuka jioni za zamani, wanaume walipoleta mpira wa bomba kuumwagia uwanja maji ili ugande upya, jinsi walivyowaondoa watoto. Akapaza sauti yao ile ile:

"Wote nje! Maji yanakuja! Wote nje!"

Orest akasimama. Akatazama kushoto na kulia.

"Haya, watoto, nje! Mmesikia!"

Lakini hakutoka. Akangoja, akiwapungia mkono wapite mbele yake watoto ambao hakuna mwingine aliyewaona, na barafu inalia chini yake. Walipokwisha kupita wote, akaweka koleo begani, akawafuata bila haraka.

Alipofika ukingoni, Verna akamshika ukosi kwa mikono miwili.

"Leo nani anamwaga maji?" Orest akauliza.

"Mimi."

"Utaharibu. Wewe huacha matuta."

Wilf akageuka upande, akajifanya anamfunga mbwa kamba.

Nyumbani Verna akampa supu ya bitiruti ya moto. Saa tisa alasiri Orest akalala. Verna akachukua viatu vya theluji vya Orest, asipate kutoka tena, akavisukuma chini ya blanketi upande wake mwenyewe wa kitanda, akajinyoosha juu yavyo, koti bado mwilini, uso kuelekea mlangoni. Alisikiliza pumzi za mumewe, moja, na nyingine, akiogopa kufumba macho, mpaka usingizi ukamchukua yeye pia.