Waya wa Mlango wa Juu

Mume wangu Nedyalko na mdogo wake Stamen walikaa miaka sita bila kusemeshana, na nyumba ni moja: sisi chini, yeye juu. Chanzo ni mzabibu wa uani uliopanda hadi kwake juu. Nedyalko aliupogoa mwezi usiofaa, mwaka ule kibaraza cha Stamen hakikupata hata kichala kimoja, na Stamen akasema neno juu ya akili za kaka yake ambalo sitalirudia. Tangu hapo mimi, Raina, nikawa posta yao. "Mwambie huyo wa juu apunguze redio." "Mwambie huyo wa chini akakohoe uani."

Kitu pekee walichobaki nacho pamoja ni kengele ya wezi. Marehemu mama mkwe aliiweka baada ya kuibiwa sufuria yake ya shaba: kisanduku ukumbini kwetu, king'ora ukutani nje, nyaya zikapanda ngazi hadi mlango wa Stamen.

Basi Jumamosi moja ya Agosti, saa nne asubuhi, niko uani nakoroga lutenitsa yangu ya kuweka kwenye chupa. Pilipili hoho na nyanya, sufuria nzima, na ukigeuka kidogo tu inashika chini. Mara king'ora kikalia.

Nedyalko akabonyeza namba za siri. Kikanyamaza, kikaanza tena. Akazima umeme wa nyumba nzima. Kikaendelea.

"Nimekata umeme na bado kinalia!" akanifokea, utadhani mimi ndiye niliyekifundisha.

"Si kina betri, baba!"

Jirani yetu Penka akachungulia juu ya ukuta. "Raina! Kuna mwizi?"

"Kwa kelele hizi? Angekuwepo angeshajisalimisha!"

Nedyalko akaing'oa betri, masikio yakapumzika. Akampigia simu fundi, naye yuko baharini na wajukuu.

"Waya umelegea tu, mzee," fundi akasema. "Kaza skrubu za kisandukuni, halafu zile za mlango wa juu. Rudisha betri na umeme. Mmoja aufungue na kuufunga mlango, mwingine aangalie taa chini. Nyekundu ni wazi, kijani ni umefungwa. Mwambizane tu."

"Hakuna njia nyingine?"

"Njia gani nyingine, mzee?"

Nikapanda kumweleza Stamen. Hakubisha, akachukua bisibisi yake akakaza za kwake. Nedyalko akakaza za chini, akarudisha betri na umeme. Kazi yangu ikaanza.

"Mwambie afungue."

Nikapanda. "Shemeji, fungua." Nikashuka. "Kafungua."

"Mwambie afunge."

Nikapanda, nikashuka.

"Taa ni ileile. Muulize kama kafunga kweli au anaota."

Hapo magoti yangu yakakataa, na pua yangu ikanusa kitu kinaungua. "Mna midomo, nyote wawili," nikasema. "Mimi lutenitsa inanishinda." Nikatoka.

Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Nikamsikia Nedyalko akikohoa, kukohoa kule kwa mtu anayejiandaa kuingia maji ya baridi.

"Fungua!"

Akapaza sauti zaidi.

"Nimesema fungua!"

"Nimefungua!"

"Sasa funga!"

"Nimefunga!"

"Taa haibadiliki!"

"Umekaza vizuri wewe?"

"Nimekaza kabla hujazaliwa! Fungua tena!"

Mlango ule ulifunguliwa na kufungwa mara kumi na moja, nilihesabu huku nakwangua sufuria. Mwishowe nikasikia mlango ukifungwa na ndara zikishuka ngazi kwa hasira, na Stamen akaingia ukumbini kwetu, miguu ambayo haijakanyaga pale miaka sita.

"Iko wapi hiyo taa?"

"Hiyo hapo. Nyekundu, kama tangu mwanzo."

Stamen akatazama taa. Akamtazama kaka yake.

"Kaka. Hiyo ni kijani."

"Ni nyekundu."

"Kaka, wewe nyekundu na kijani hujawahi kuzitofautisha. Umesahau? Mama ndiye aliyekuwa anakuchagulia soksi!"

Nikaacha mwiko. Miaka thelathini na minane ya ndoa, nami zile soksi zake, mguu huu nyekundu na huu kijani, nilidhani ni ukaidi! Nilipoingia, Nedyalko alikuwa ameketi kwenye ngazi, uso umemwiva.

"Kwa hiyo ilitengemaa lini?" akauliza.

"Mara ya kwanza tu," Stamen akasema, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Nedyalko akajizuia, akajizuia, kisha naye akapasuka.

"Penka asijue," akasema alipopata pumzi.

"Penka yuko ukutani tangu asubuhi," nikawaambia.

Walitoka uani wote wawili. Stamen akachovya mkate kwenye lutenitsa, akasema imeungua. Nedyalko akasema haijaungua, ndivyo inavyotakiwa. Wakabishana hadi saa tisa, mimi nikijaza chupa.

Kesho yake Stamen alibisha hodi mwenyewe, akauliza kama kaka yake yupo. Nikamwambia ameenda kununua mkate.

"Basi nitamsubiri, shemeji," akasema, akavuta kiti.