Maji ya Chumba cha Juu

Mama Émilienne alishalala kwenye sakafu ya darasa huko Sake, mashariki mwa Kongo, watu wakiwa wamebanana hadi chini ya ubao. Alishalala ndani ya lori lililokwama matopeni kwenye njia ya Walikale, miguu juu ya magunia ya makaa, mbuzi wa mtu akimkojolea kandambili. Hakulalamika. Vita ni vita na matope ni matope. Lakini hoteli ile ya bei rahisi katika mji wa Montluçon, katikati ya Ufaransa, ilimtia kinyaa ambacho hakuwahi kukijua tangu azaliwe.

Kilianza na zulia. Nani aliwadanganya Wazungu kwamba kitambaa kinatandikwa sakafuni, kikanyagwe na viatu vya kila mpita njia, kisha kisifuliwe hata Krismasi? Lilikuwa na rangi ya maini yaliyochacha, na penye mguu wa kitanda palikuwa na doa ambalo Mama Émilienne aliapa hatalitazama tena, akawa analitazama kila saa. Mto ulikuwa na duara za njano, mate ya watu waliokoroma pale kabla yake. Choo, sinki na bomba la kuogea vyote vilibanwa ndani ya kabati la plastiki kando ya kitanda, hata mtu akiketi chooni magoti yake yanakaribia kugusa shuka. Ukioga, pazia la plastiki linakung'ang'ania mgongoni kama mlevi wa sokoni, tena pazia lenyewe lina utelezi.

Na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Asubuhi ya kwanza alishuka kunywa chai, akamkuta mbwa amekaa kitini. Si chini ya kiti. Kitini! Mwenye mbwa, bibi mmoja mwenye midomo miekundu, alikuwa akimlambisha siagi kwenye kisu, na kisu kilekile kikarudi kwenye siagi ya watu wote. Kwao Masisi mbwa akiingia jikoni anatoka na alama ya ukuni mgongoni. Mama Émilienne alisukuma sahani yake, akapanda chumbani bila kula.

Hakuja Ufaransa kuangalia mbwa. Yeye ndiye mkubwa wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza jibini pale Masisi, na parokia moja ya Ufaransa inayowasaidia ilimwalika aje aeleze kazi yao. Siku ya safari alishuka kutoka Masisi kwa pikipiki kupitia Bihambwe, na kwenye kizuizi cha Mubambiro askari alimfungulia sanduku, akanusa jibini moja baada ya nyingine kama bwana harusi anayechagua, akabaki na mbili. Mikutano ya parokia aliihudhuria vizuri, akapigiwa makofi. Ila moyoni mikutano ilikuwa kisingizio tu. Kilichomvusha bahari ni Kétsia, binti pekee aliyembakia, aliyekwenda huko kusoma akaolewa hukohuko na Evode, kijana wa Walikale. Ndugu za Evode walileta ng'ombe wa mahari hadi Masisi, wakiwaswaga kama watu wa msituni wanavyojua kuswaga, yaani hawajui, na mji mzima ulicheka siku hiyo. Sasa Kétsia alikuwa amezaa mtoto wa kike, wakampa jina la Mapendo.

Mama Émilienne alitaka jambo moja. Aingie katika nyumba ya binti yake, amwogeshe mjukuu kwa mikono yake mwenyewe, alale pale angalau usiku mmoja. Kwao mama ambaye hajalala kwa binti yake hana ruhusa ya kusema binti ana nyumba. Jirani yake Bibiche, ambaye mdomo wake hauna breki, angemwuliza mbele ya watu wote wanaoleta maziwa asubuhi: "Ulilala kwake?" Na mama akilala hoteli katika mji uleule anamokaa binti yake, Masisi nzima ina tafsiri moja tu. Amefukuzwa.

Kétsia alimpokea kwenye gare, kituo cha treni, akiwa amekonda, macho yamezama, mtoto kifuani.

"Mama, ku nyumba banapaka rangi," alisema kabla hata ya kumaliza salamu. "Arufu iko mubaya. Utalala kwanza ku hoteli, parokia ilisha kulipa."

"Na mutoto? Yeye analala mu ile arufu?"

"Tunafungula madirisha, Mama."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mama anayempenda mwongo huirefusha yeye mwenyewe. Mama Émilienne alikubali. Kétsia alimsindikiza hadi barabarani, akamwonyesha mlango wa hoteli kwa mbali, akampa namba za kubonyeza ili ufunguke, maana ni mlango usio na mtu wa kukuambia karibu. Hakuingia naye. Alisema anawahi kumnyonyesha mtoto.

Kila siku, saa za mchana, Kétsia alikuja na Mapendo kwenye benchi lililokuwa mbele ya duka kubwa, akiwa na bakuli limefungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na wali, samaki, na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Ndicho kitu pekee katika nchi ile ambacho hakikumchukiza Mama Émilienne. Alikula hadi akalamba vidole, bila aibu, Wazungu wakipita na vikapu vyao.

"Ulipika saa ngapi?"

"Asubuyi, ku nyumba."

"Iko muzuri sana. Leo nitamuogesha mutoto?"

"Kesho, Mama."

Kesho ilikuja ikasema kesho. Mama Émilienne akaanza kuelewa, au alidhani anaelewa. Binti anamwonea haya. Jioni moja alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mbali na lile doa, akainusa blauzi yake mwenyewe kwapani. Ilinuka maziwa kidogo. Akaitazama miguu yake iliyopasuka visigino. Basi ni hii, alijiambia. Binti amezoea marashi, hataki mama anayenuka ng'ombe akalie viti vyake. Ilimuuma, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba inamuuma.

Siku moja kabla ya kuondoka aliamka, akaingia kuoga. Alipofungua bomba, maji hayakushuka. Yalipanda. Tundu la sakafuni lilitoa mlio kama mtu anayejiandaa kutapika, kisha likatapika kweli: punje za wali zilizovimba, nyuzinyuzi za kijani, mwiba wa samaki, na mafuta mekundu yaliyoelea juu ya povu pamoja na shungi la nywele. Vyote vikamzunguka vidole vya miguu. Kitu kilaini kikajipenyeza katikati ya kidole gumba na cha pili. Mama Émilienne alipiga yowe, akaruka hadi kitandani na maji yake, na safari hii alitapika yeye, ndani ya lile sinki dogo.

Hasira ambayo hakuweza kummwagia binti yake ilikuwa imetafuta siku zote mahali pa kumwagikia. Sasa ilipata mahali. Alivaa, akakusanya ule uchafu kwenye karatasi ya chooni akiwa amegeuza uso, akashuka nao hadi mapokezi, akaubwaga mezani.

Msimamizi wa hoteli, Madame Chantal, alirudi nyuma na kiti chake.

"Hiki ndicho ninachoogea," Mama Émilienne alisema kwa Kifaransa alichofundishwa na masista, kila neno limepigwa pasi. "Juu yangu wanaishi watu gani? Nguruwe?"

Madame Chantal alifumba macho kama mtu aliyechoka tangu mwaka jana. Akaeleza kwamba ofisi fulani ya serikali huwaweka pale watu wasio na makazi, familia nzima katika chumba kimoja, miezi na miezi. Ni marufuku kupika chumbani. Wale wa chumba cha juu alishawaonya wazi: akiwakuta na chakula walichopika, wanatoka siku hiyohiyo, na ofisi haitawatafutia pengine.

"Sijawahi kuwashika, lakini leo nitawashika," alisema.

"Watoke," Mama Émilienne alisema. "Watu wachafu namna hiyo, watoke! Nakuja na wewe. Nataka kuwaona sura."

Wakapanda, mmoja amebeba funguo, mwingine amebeba ghadhabu yake. Katika ngazi Mama Émilienne alikuwa akitunga maneno ya kuwaambia. Angewauliza kama huko kwao hawana mama aliyewafundisha usafi. Alilipenda swali hilo, akalirudia kimoyomoyo. Madame Chantal alibisha mlango mara moja tu.

Aliyefungua ni Kétsia.

Mapendo alikuwa mkononi mwake, uchi, amefungwa taulo. Nyuma yao kulikuwa na kitanda kimoja, masanduku yamepandana hadi darini, nepi zikikauka kwenye kifaa cha kupashia joto, viatu vya kazi vya Evode vimepangwa chini ya dirisha. Beseni la plastiki lenye maji ya kumwogeshea mtoto lilikuwa sakafuni. Hapakuwa na rangi wala mpaka rangi. Juu ya kiti, chini ya kitambaa kile kile cha bakuli, sufuria ilikuwa ikitoa mvuke, na chumba kizima kilinuka sombe.

"Mama," Kétsia alisema.

Kuna mambo ambayo mtu akiyaelewa hukaa siku nzima akiyatafuna. Mama Émilienne aliyaelewa yote kwa mkupuo, hata lile la kwamba uchafu uliomtapisha ulitoka kwenye vyombo vya chakula alichokula yeye mwenyewe, akilamba vidole kwenye benchi. Na swali lake zuri la ngazini lilikuwa bado mdomoni, limejaa uchungu kama nyongo. Wala hakupata nafasi ya kulimeza.

"Ni mama yako huyu?" Madame Chantal aliuliza. "Na sufuria hii imepikwa wapi? Nimekuonya, Madame. Nilikuonya."

Kétsia alifungua kinywa. Mtoto akaanza kulia.

"Sufuria ni yangu," Mama Émilienne alisema.

Madame Chantal aligeuka.

"Nilipika mimi, chumbani kwangu. Nina jiko dogo la umeme sandukuni. Niliosha vyombo pale ninapooga, tundu likaziba, nikaogopa utagundua. Ndiyo maana nikaja kuwasingizia hawa. Huyu msichana nilimsikia mtoto wake akilia, nikamletea chakula kidogo asubuhi. Hana kosa."

"Lakini amekuita mama."

"Kwetu kila mwanamke wa umri wangu anaitwa mama, Madame. Waulize hata mapadre." Akakisogelea kiti chenye sufuria. "Mimi simjui mtu huyu."

Kétsia alitikisa kichwa, machozi yakimdondokea mtoto. Alitaka kusema. Mama Émilienne hakumtazama usoni, maana angemtazama, uongo ungeanguka. Aliongea kwa Kiswahili huku ameinamia sufuria, kwa sauti ya mtu anayeaga tu.

"Nyamaza, mwanangu. Usiseme kama unanijua. Huyu mutoto hatalala ku barabara sababu yangu. Muogeshe, maji isipoe."

"Anasema nini?" Madame Chantal aliuliza.

"Ananiomba radhi kwa kunisumbua," Kétsia alijibu kwa Kifaransa, na sauti ikamkatika katikati.

Basi Madame Chantal alimtazama Mama Émilienne kuanzia kilemba hadi visigino. Pua ilimkunjana na mdomo ukambinyika upande. Mama Émilienne aliijua sura hiyo vizuri. Ndiyo aliyoivaa yeye tangu alipokanyaga zulia la hoteli ile, na sasa alijifunza jinsi inavyochoma ukiwa ndiwe unayetazamwa. Akainua sufuria kwa pindo la kitenge. Ilikuwa ya moto, ikamuunguza vidole, naye akaishika hivyohivyo kama mtu aliye na mali yake.

"Utatoka leo," Madame Chantal alisema. "Na kabla hujatoka utasafisha bafu lile. Mimi sina mtu wa kushika takataka zako." Kisha akamgeukia Kétsia kwa upole wa kuonea huruma. "Na wewe, usipokee chakula cha kila mtu. Fikiria mtoto."

"Ndiyo, Madame," Kétsia alisema. Mlango ulifungwa polepole. Mama Émilienne alimwona mjukuu wake hadi ufa wa mwisho.

Chini, Madame Chantal alisimama mlangoni pa chumba cha Mama Émilienne, kitambaa puani, kuhakikisha kazi inafanyika. Hakumpa glavu. Mama Émilienne alipiga magoti ndani ya lile kabati la plastiki, akakunja mikono ya blauzi, akaingiza vidole katika tundu. Alitoa wali. Alitoa majani ya sombe, miba, ngozi ya nyanya, shungi la nywele ambalo sasa aliona kuwa ni za kusuka, za binti yake, zinazonyonyoka kwa mzazi asiyelala. Alizitoa zote kwa mkono mtupu na hakuona kinyaa.

"Na ile mikunjo ya pazia pia," Madame Chantal alisema.

"Ndiyo, Madame."

Ndipo bomba lilipounguruma ukutani. Huko juu mtu alikuwa amemwaga beseni. Maji yalishuka, yakafika kwenye tundu ambalo lilikuwa bado halijazibuka vizuri, yakapanda taratibu hadi yakamfunika Mama Émilienne viganja. Yalikuwa vuguvugu, yana povu jepesi, yananukia sabuni ya mtoto mchanga.

"Toa mikono, ni maji machafu hayo!" Madame Chantal alipiga kelele.

Mama Émilienne hakuitoa. Aliiacha humo hadi maji yalipopoa.