Ombi la Kufichwa

Thelma Brandvold alikuwa muuguzi wa wodi ya dharura kwa miaka kumi na saba, na beji yake haikuwahi kuonyesha zaidi ya jina la kwanza. Dwight Maddern hakuihitaji beji. Baada ya kaka yake kufia mikononi mwa Thelma mwezi Februari, alikuwa ameipekua orodha ya leseni za wauguzi, ambayo iko wazi kwa yeyote, akalipata jina lote. Kisha akaanza kupiga simu wodini. Hakutukana. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa, "Mwambieni Thelma nitamtembelea kwake."

Sheria mpya ya jimbo iliwaruhusu wahudumu wa afya kuomba anwani zao zifichwe katika daftari la wamiliki wa nyumba. Jumatatu Thelma alikwenda katika ofisi ya kumbukumbu za kaunti, akajaza fomu kama alivyozoea kujaza faili la mgonjwa. Muuguzi hufundishwa kwamba kisichoandikwa hakikutendeka; basi hakubakiza kitu. Karani, Opal Renneker, mwanamke aliyewajua watu wa mji kwa viwanja vyao kabla ya sura zao, aliigonga fomu mhuri.

"Umeshapotea, mpenzi," alisema. "Hata nikitaka kukuletea keki, sitajua pa kuipeleka."

"Keki yako naijua, Opal. Afadhali nipotee."

Walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Thelma kucheka katika wiki tatu.

Alhamisi alasiri aliomba ruhusa wodini, akarudi kuhakikisha. Juu ya kaunta palikuwa na kompyuta ya wananchi. Aliandika namba ya nyumba yake. Mahali pa jina la mwenye nyumba palikuwa patupu. Akashusha pumzi. Kisha, kama mtu anayekitikisa tena kitasa cha mlango aliokwisha kuufunga, akaandika jina lake.

Ulitokea mstari mmoja: *Ombi la kuficha anwani. Limesajiliwa Jumatatu, saa tano asubuhi.*

Aliufungua. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Anwani. Sababu ya hofu: Dwight Maddern. Ninaoishi nao: binti yangu Solveig, miaka kumi na mmoja, hutoka shuleni saa tisa, hubaki peke yake hadi saa kumi na mbili.

"Opal. Hii inafanya nini hapa?"

Opal alivaa miwani, akainama. "Kila kinachogongwa mhuri huingia kitabuni, na kitabu ni cha wananchi. Miaka thelathini na moja sijaruka karatasi hata…" Rangi ilimtoka usoni kidogo kidogo. "Ee Mungu wangu. Nimeiingiza mwenyewe."

"Itoe."

"Siwezi, mpenzi. Mpaka amri ya jaji. Na ombi la hiyo amri…"

"Nalo hugongwa mhuri," Thelma alimalizia.

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Alimpigia Solveig kwenye simu yake ya mkononi, na vidole vilivyozoea kutafuta mishipa ya watoto wachanga vikakosea namba mara mbili.

"Mama? Mbona unahema?"

"Uko wapi?"

"Jikoni. Nakula siagi ya karanga kwa kijiko, usinigombeze."

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa. Lakini kuna baba mmoja kibarazani, anasema mnafanya kazi pamoja. Wa ajabu kidogo. Ameniita Solveig, si Sol kama watu wote."

Thelma aliishika kaunta kwa mkono mmoja. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ya wodini, ya chini na isiyo na haraka.

"Sikiliza, mwanangu. Weka kijiko chini. Pitia mlango wa nyuma, uende hapo jirani kwa Bi Haugen. Usivae viatu. Usimjibu mtu. Na usikate simu."

"Mama, unanitisha."

"Najua. Nenda."

Nyuma yake Opal alikuwa amekwisha kuwapata polisi kwa simu nyingine. Hakuwa na haja ya kumuuliza Thelma anwani. Aliisoma kwenye skrini, neno kwa neno, huku machozi yakimtiririka.

Simuni, bawaba za mlango wa nyuma zililia. Nyayo tupu zikakanyaga mbao, kisha nyasi. Kwa mbali kengele ya mlango wa mbele ikapigwa mara moja, kwa adabu. Thelma alikuwa akihesabu hatua za mwanawe kuelekea uani kwa jirani, na hatua zilikuwa bado hazijaisha kengele ilipopigwa mara ya pili.