Fomu ya Akiba

Katika wilaya nzima ya Ngara, chama cha Dafroza hakikuwa na mbunge wala diwani. Yeye aliamini mahali pa kuanzia ni kijijini. "Serikali ya kijiji ndiyo inayogawa mashamba ya bondeni," aliwaambia majirani. "Tukiipata hiyo, mengine yatafuata." Kwa miaka minne alipita kitongoji kwa kitongoji kwa miguu kusajili wanachama, akiwa na Fideli, katibu wa tawi, aliyemwita dada.

Uchaguzi ulipokaribia, wanachama walimpitisha Dafroza agombee uenyekiti wa kijiji. Fideli akaomba naye achukue fomu.

"Ya akiba tu, dada. Wakikuengua, chama kisikose mgombea."

Dafroza akakubali.

Siku tatu baadaye aliitwa kwa msimamizi wa uchaguzi, akasomewa pingamizi. Mlalamikaji, mtu asiyemfahamu, alidai kwamba Dafroza si raia. Kwamba mama yake alikimbia Burundi na kuvuka mto Ruvubu akiwa na mimba yake ya miezi saba. Jina lake likakatwa palepale.

Alimkuta Fideli nyumbani kwake, akinyoa ndevu.

"Miezi saba, Fideli. Nilikwambia wewe peke yako, siku tuliyomzika mama."

Fideli alifuta povu taratibu. "Dada, watu wasingempa kijiji mtu wa asili ya ng'ambo. Mimi watanipa."

"Kwa hiyo ni wewe?"

Fideli akageukia kioo, akapaka povu upya.

Dafroza akampigia simu kiongozi wa chama wilayani, akamweleza kila kitu. Yule bwana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Pole sana, mama. Lakini hicho kitakuwa kijiji chetu cha kwanza. Tusaidie kumnadi Fideli. Wewe unapendwa huko."

"Mnajua alichonifanyia, na bado mnamtaka?"

"Tunataka kijiji, mama."

Dafroza akakata simu. Hakumnadi Fideli, wala hakwenda kupiga kura. Fideli alishinda kwa kura thelathini na moja, na magari ya chama yakaja kutoka mjini yakipiga honi.

Jirani wa Dafroza, Avelina, alikuja kumwita kwenye mkutano wa kusherehekea ushindi. Akamkuta ameshaing'oa bendera ya chama iliyokuwa uani, ameikunja.

"Wapelekee," Dafroza alisema. "Wakiniulizia, waambie aliyewajengea tawi si raia."