Kifungo cha Meza ya Makoti

Afisa wa wafanyakazi katika kiwanda kile cha nguo alikuwa na kipaji kimoja ambacho hata wabaya wake walikikubali: kufupisha mambo. Dodoso la mwaka uliopita lilikuwa na kurasa nane, na mafundi walilitumia kufutia mafuta ya cherehani. Safari hii yeye akaja na swali moja tu: "Ukisema jambo kazini, unasikilizwa?" Mlangoni akaweka makopo mawili, moja la Ndiyo, jingine la Hapana. Kila fundi achukue kifungo mezani pake, akitumbukize anapotaka, aende zake. Hakuna kalamu wala jina. Bwana yule alivimba kichwa, usipime.

Aliyemsumbua ni mama yake mdogo, fundi wa makoti, aliyemlea tangu mtoto, aliyemwombea kazi pale, na ambaye mpaka leo walikaa nyumba moja.

"Mwanangu, niache na cherehani yangu. Yule msimamizi akinuna, ananuna mwezi mzima."

"Sasa nani atajua, mama mdogo? Kifungo kina mdomo?"

"Una hakika?"

"Swali nimelitunga mwenyewe. Niamini."

Akamwamini. Ndivyo wazazi wanavyoponzwa.

Ijumaa makopo yakafunguliwa ofisini kwa mkurugenzi, msimamizi akiwa amekaa pembeni na miguu ameikunja nne. Kwenye Ndiyo vikamiminika vifungo vyeupe vya mashati, vingi. Kwenye Hapana navyo vikatoka vyeupe kadhaa, ambavyo vingeweza kuwa vya yeyote kati ya washona mashati. Halafu kikabingirika kifungo kikubwa cha kahawia, kikasimama katikati ya meza.

Afisa alikitambua mara moja. Kiwanda kizima, makoti alishona mtu mmoja.

Msimamizi akakiokota, akakigeuzageuza. "Kumbe bibi wa makoti hasikilizwi!" Akaangua kicheko. Mkurugenzi naye akacheka.

Hapo ndipo pa kusema, jamani, tuliwaahidi watu hawa. Sentensi fupi kabisa, na yeye si ndiye bingwa wa kufupisha? Lakini alikumbuka kuwa mkataba wake ulikuwa bado haujasainiwa upya. Akacheka pamoja nao. Alikisikia kicheko chake mwenyewe, akajiona takataka.

Jumatatu mama mdogo akaondolewa kwenye cherehani, akapelekwa kukata nyuzi, kazi ya wanaoanza, kutwa wima. Jioni alirudi na miguu imevimba. Hakuuliza kitu. Alimpakulia chakula kama kawaida, akamwekea na kipande kikubwa cha nyama, na afisa akakitazama kile kipande bila kujua aanzie wapi. Heri angemtukana. Matusi angeyajibu.

Akaona dawa ni kurudia zoezi. Safari hii alinunua vifungo mwenyewe, vyote vyeupe, vyote saizi moja, akapita meza hadi meza akigawa. Watu walivipokea bila kumwangalia usoni. Kwenye meza ya kukata nyuzi, mama mdogo alinyoosha kiganja, akachukua chake, akaendelea na mkasi.

Makopo yakafunguliwa. La Hapana lilikuwa tupu. Vifungo vyote, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, vilikuwa kwenye Ndiyo.

"Umeona?" mkurugenzi akampiga begani. "Kiwanda kimetulia. Kijana, mkataba wako niletee leo niusaini."

Jioni ile alimkuta mama mdogo amekaa kwenye kigoda cha jikoni, anavua viatu taratibu.

"Mama mdogo, hata wewe umetia Ndiyo?"

"Nimetia."

"Kwa nini? Safari hii usingejulikana, nakuapia."

"Si mimi tu. Niliwapitia wenzangu wote wakati wa mapumziko, nikawaomba." Akavuta soksi, akashusha pumzi. "Nilisikia unarudia, nikajua mambo yamekuharibikia. Nikawaambia, mnisaidie, mwanangu asije akafukuzwa kazi kwa sababu yangu."

Afisa aliugusa mfuko wake. Mkataba uliosainiwa ulikuwa humo, umekunjwa.

"Nichemshie maji ya kukanda miguu," mama mdogo akasema.

Akaenda kuyachemsha.